Kuipasha Kanada Moto

Oktoba 9

Viazi vya mwisho vimetoka shambani, watoto wamerudi shule, na asubuhi hii umande uliganda kwenye ngazi za mlangoni. Naanza kuandika kwa sababu tangu mume wangu Alcide afariki sina wa kumlalamikia jioni, na mimi nisipolalamika usingizi hauji.

Lori la mafuta limekuja. Mwanangu Gilles amelipa kutoka huko kwake Connecticut, na tangi lililo chumba cha chini limejaa mpaka kijiti chekundu cha kipimo kimegusa juu ya kioo chake. Halafu akapiga simu kunisomea masharti.

"Mama, hili ndilo tangi la mwaka huu. Moja tu. Mwaka jana ulichoma mawili na bado nilikukuta umelala na kofia."

"Ilikuwa kofia nzuri."

"Likiisha kabla barafu ya mto haijavunjika, unauza nyumba unakuja kukaa nasi. Niahidi."

"Kwenu hakuna mto."

"Kuna bwawa la kuogelea, mama."

Nimeahidi. Ni mtoto mzuri na anaogopa kunikuta nimeganda. Lakini nyumba hii baba yake aliijenga kwa mikono yake, na mimi sitaki bwawa la kuogelea.

Oktoba 12

Nimevuka barabara kumwona wifi yangu Florine. Ni dada wa Alcide, hakuolewa, na anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi wao, yenye vyumba vya kutosha parokia nzima. Tangu nilipoolewa ananiambia ploye zangu, chapati zetu za ngano nyeusi zinazopikwa upande mmoja tu, ni nene. Mwaka ule wa kwanza nilipozigeuza upande wa pili kwa kutojua, aliinuka mezani akaenda kuwahadithia majirani.

Sikuzunguka mbuyu. "Wifi, mwaka huu tukae nyumba moja. Moto mmoja, watu wawili."

"Nyumba ipi?"

"Yangu. Ni ndogo, inapata joto upesi."

"Yako inavuja upepo kila upande. Kaka yangu alikuwa fundi wa ghala la viazi, si fundi wa nyumba."

"Yako ina ngazi mbili na ukumbi wa kuwekea maiti. Utaipasha na nini?"

Aliendelea kumenya tufaha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nyumba ikifungwa haifunguliwi tena. Umeona ya akina Daigle. Walisema ni mpaka masika tu, sasa kunguru wanaingia dirishani. Na mpwa wangu mwingine, si Gilles wako, ameshanitafutia chumba nyumba ya wazee, kule mjini. Anasema kuna joto mpaka wazee wanavaa kaptula."

"Utapendeza."

"Usinichekeshe, Jeannine, nina kisu mkononi."

Nilimwambia barafu ikivunjika tutaifungua nyumba yake pamoja, mimi na yeye, hata kama nitabebwa. Akaniuliza kama ninaapa. Nikaapa. Sasa nimeapa kwa watu wawili, na viapo vyote viwili vimekaa ndani ya tangi moja.

Oktoba 21

Tumeivalisha nyumba. Normand Thibodeau, jirani yetu ambaye Alcide alimsimamia ubatizo, alileta trela la matawi ya msonobari tukayapanga kuzunguka msingi wote, ili theluji ikae juu yake na upepo usipite chini ya sakafu. Normand ana miaka hamsini na ni mzimamoto wa kujitolea, lakini kwa Florine bado ni mtoto.

"Yapange sawa, Normand. Unaivalisha nyumba au unaipamba harusi?"

"Shangazi, wewe umekaa kwenye kiti."

"Ndiyo, na ninaona vizuri kutoka hapa."

Ndani nimefanya kazi yangu mwenyewe. Nimetandaza nailoni kwenye madirisha yote, nikaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza. Nimeshona nyoka wa kitambaa wa kulala chini ya milango, nimewajaza maganda ya ngano. Nimeziba hata tundu la ufunguo. Nyuma ya jiko la kuni kuna kitundu ambacho Alcide alikitoboa ukutani, na upepo unaoingia pale ungeweza kunyoa ndevu. Nimekisokomeza soksi zake mwenyewe, zile nene za kijivu. Nilijisikia mjanja sana.

Oktoba 30

Normand amefunga maji nyumbani kwa Florine na kuyamwaga yote kwenye mabomba yasije yakapasuka. Florine alikuja na kiti chake cha kubembea, sanamu ya Mtakatifu Anna, na kikaango cha chuma cha mama yake. Alifunga mlango, akarudi kuusukuma kuhakikisha, akarudi tena. Jioni alisema supu yangu ina maji mengi.

Novemba 1

Nimeamka nikasikia baridi shingoni. Florine alikuwa amesimama jikoni na gauni lake la kulalia, dirisha la upande wa barabara wazi kabisa, nailoni yangu imening'inia.

"Unafanya nini, wifi?"

"Natoa usiku nje."

"Usiku utatoka wenyewe. Funga. Alcide angesema hatuipashi Kanada moto."

Kila mtu bondeni kwetu husema hivyo kwa mtoto anayeacha mlango wazi, maana Kanada iko pale pale ng'ambo ya mto, lakini Alcide aliyasema kwa uchungu, kama aliyetumiwa bili kutoka huko.

Novemba 2

Dirisha.

Novemba 3

Dirisha tena. Nimebandika nailoni kwa selotepu. Amenisaidia kushika, mpole kabisa.

Novemba 4

Ameikata kwa kisu cha mkate.

Novemba 19

Theluji ya kwanza ya kukaa. Tumefunga vyumba vya juu, tukaweka blanketi mlangoni kwenye ngazi. Sasa dunia yetu ni jikoni na chumba kidogo cha pembeni. Tanuri la mafuta nimelishusha chini kabisa, kiasi cha kuzuia mabomba yasigande. Joto la kuishi tunalipata kwenye jiko la kuni. Kijiti chekundu kimeshuka kidogo mno na mimi natembea na furaha nyumbani. Furaha haijafika dirishani. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya sala, linafunguliwa. Nimegombana, nimebembeleza, nimeficha kisu. Mwanamke huyu ananichomea mafuta yangu kwa makusudi, na ni kwa sababu ya ploye, najua.

Desemba 6

Baridi ya kukatika pua. Vitanda viwili ni ujinga, kwa hiyo tumelala kimoja. Miguu ya Florine ni ya marehemu.

"Sogeza miguu yako, wifi."

"Isogee wapi? Ndiko kwenye joto."

Tulicheka mpaka kitanda kikalia. Sikumbuki lini nilicheka nimelala.

Desemba 15

Leo wakati wa kufuma soksi alinihadithia utoto wake. Baridi ikizidi, baba yao alimtuma akalale kwenye ghala la viazi, lile lililochimbwa kilimani, autunze moto wa jiko dogo usizimike wala usikue. Alipenda huko. Anasema ukikaa kimya unasikia kama kuna watu wengi wamelala. Na kila alfajiri kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa juu, hata kukiwa na dhoruba, kwa sababu viazi vikifungiwa sana hutoa jasho na kuoza.

Nilikuwa nahesabu mishono yangu na nikamwitikia tu.

Desemba 25

Misa, pai ya nyama, Gilles na wajukuu kwenye simu wamevaa fulana. Akataka kuona kioo cha tangi, nikashuka na simu nikamwonyesha. Zaidi ya nusu. Akapiga mluzi.

"Shangazi anakusumbua?"

"Nakusikia," alisema Florine nyuma yangu.

Alipika ploye yeye, kwenye kikaango chake, nyembamba zenye vitundu vingi. Ni tamu kuliko zangu. Nimeandika hapa ambapo hataona.

Januari 9

Wiki nzima kipimajoto hakijapanda juu ya baridi ile inayokufanya usihesabu tena. Kijiti kimeshuka kidole kizima. Nusu imepita na majira ya baridi bado hayajafika nusu.

Januari 13

Nimeongea naye kwa heshima zote. "Florine, tangi likiisha mimi nakwenda Connecticut na wewe unakwenda kuvaa kaptula. Unaelewa? Hilo dirisha ndilo litakalotutenganisha."

Akasema, "Ni dakika chache tu."

"Kila siku."

"Kila siku," alikubali, na hakuahidi kitu.

Januari 14

Nimechukua bisibisi ya Alcide nimelifunga dirisha kwa skrubu. Nne ndefu. Juu yake nailoni mpya, juu ya nailoni mfarishi. Florine alisimama akinitazama mpaka mwisho, mikono ndani ya shali.

"Umeridhika?" aliniuliza.

"Nimeridhika."

Na kweli nimeridhika. Jikoni ni kimya, hata ulimi wa mshumaa hautikisiki. Moto nimeufukia kwa majivu uungue taratibu, kuni zidumu.

Januari 15

Joto zuri. Kichwa kinaniuma kidogo, nadhani ni macho kuchoka kwa kufuma.

Januari 16

Kichwa. Florine naye. Mafua labda.

Januari 17

Nina wasiwasi na Florine. Ameniita Rose-Anna, jina la mama yao, mara mbili. Amekaa kwenye kiti bila kukibembeza. Nilimpikia ploye nene kwa makusudi ili aseme kitu, akala, akasema ahsante. Mungu wangu, akasema ahsante. Nadhani akili yake imeanza kumtoka, na mimi ndiye ninayeishi naye na sikuona. Pengine mpwa wake ana haki. Pengine nimpigie kesho.

Sijisikii vizuri kuandika.

Januari 20

Hospitali ya mjini. Kalamu nimeazima kwa muuguzi.

Nitaandika yote nikiwa nayakumbuka. Asubuhi ya tarehe kumi na nane nilitaka kuamka nikashindwa kuamua mguu upi utangulie. Nilicheka, nadhani. Florine alikuwa sakafuni karibu na dirisha, mfarishi umemwangukia, na mkononi alikuwa na kijiko. Alikuwa akijaribu kufungua skrubu zangu kwa kijiko. Nilimwona nikafikiri, anapumzika, nisimsumbue. Nikakaa kitini.

Normand alileta kuni. Kawaida anagonga, anasema safari hii aliona dirishani maji yanachuruzika kwa ndani kama bafuni, akaingia bila kugonga. Alimbeba Florine mpaka barazani, akarudi kunivuta mimi, na mimi nilimpiga na mwiko kwa sababu alikuwa ameacha mlango wazi.

"Funga mlango," nilimwambia. "Unaipasha Kanada moto."

"Ndiyo, shangazi. Twende tukaipashe wote."

Tulikaa kwenye theluji tumefungwa mablanketi mpaka gari la wagonjwa likafika. Nilitapika kwenye matawi ya msonobari. Florine hakufumbua macho. Nilikuwa nimeushika mkono wake na ulikuwa wa moto, wa moto kuliko wangu, na nilikuwa nikisema naye maneno ambayo siyaandiki. Moja lilikuwa kwamba ploye zake ni tamu.

Madaktari wanasema ni hewa ya sumu ya moto. Wametuwekea oksijeni. Mimi nilipata nafuu siku ile ile. Yeye ameamka jana jioni, akaangalia chumba, akaangalia miguu yake.

"Wifi," alisema. "Wamenivalisha kaptula?"

Nililia mbele ya muuguzi na sikujali.

Januari 22

Bado hospitali. Normand amekuja kutueleza, kofia mkononi, kwa aibu, maana hakupenda kutusema.

"Moto nao unapumua, shangazi. Nyumba mmeiziba mpaka jiko likakosa pua. Moshi badala ya kupanda dohani ukawa unarudi ndani, taratibu, bila hata kuonekana. Na ile kengele ya hewa ya sumu?"

Kengele iko juu, kwenye korido tuliyoifunga. Ilikuwa ikilia siku nzima nyuma ya blanketi letu, na sisi chini tunasema mafua.

"Nyuma ya jiko kuna kitundu cha hewa," Normand aliendelea. "Mjomba Alcide alikitoboa sawa na vile vya ghala la viazi. Ila nimekuta kimejaa soksi."

Florine akageuza shingo polepole juu ya mto, akanitazama.

"Soksi za nani?"

"Za kaka yako."

"Safi au chafu?"

"Safi."

"Afadhali," alisema, akafumba macho.

Sikulala baada ya hapo, nikifikiri. Kuanzia Novemba mpaka Januari kitundu kilikuwa na soksi na hatukufa. Hatukufa kwa sababu kila asubuhi mtu mmoja alilifungua dirisha, na mimi kila asubuhi nilimwita mharibifu. Halafu nikaleta bisibisi.

Januari 24

Gilles amepiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupakia gari.

"Nakuja Jumatatu, mama."

"Tangi halijaisha."

"Si habari ya tangi tena."

Nilijua ana haki. Florine alinyoosha mkono akaomba simu. Alikuwa bado na mirija puani.

"Gilles. Mimi hapa. Nepi zako nilizifua mimi mama yako alipokuwa na homa, kwa hiyo sikiliza. Tulifanya ujinga. Soksi zimetolewa, kengele imehamishiwa jikoni, iko juu ya kichwa cha mama yako, akipumua vibaya inamkemea. Ulisema mpaka barafu. Barafu iko pale pale. Mwanamume anabadilisha masharti katikati?"

"Normand apite kila siku," Gilles alisema.

"Anapita kila siku anakula ploye zetu," alisema Florine. "Kumfukuza ndiyo kazi."

Januari 28

Nyumbani. Kitundu kinapuliza, jiko linanguruma vizuri, kengele inawaka taa ya kijani. Dirisha lina skrubu bado, nailoni na mfarishi vimerudishwa juu yake. Nilimsubiri Florine alifungue asubuhi, nilikuwa nimeshaweka bisibisi mezani kwa ajili yake, kama kuomba radhi. Hakuligusa. Nikafikiri basi, hewa ipo, hana haja nalo tena.

Februari 1

Amekaa kwenye kiti, hakibembezi. Nilinusa hewa, nikaangalia kengele. Kijani. Si hewa.

Februari 3

Leo nimeelewa, na nimechelewa sana kuelewa.

Nilitoka chumba cha chini kuangalia kijiti, nikamkuta ameegemea dirisha. Alikuwa ameinua pembe ya mfarishi na anakwangua barafu kwa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa amepata kijishimo cha ukubwa wa sarafu, lakini nailoni iko mbele yake, na kupitia nailoni haonekani mtu wala mti.

"Wifi, unatafuta nini?"

Alishtuka, akaushusha mfarishi. "Hakuna."

"Florine."

"Naangalia kama ipo," alisema.

"Nini ipo?"

"Nyumba."

Aliniambia yote amenipa mgongo. Kwamba haikuwa usiku aliokuwa akiutoa nje. Kwamba ghala la viazi halikumjia akilini hata siku moja. Aliamka kila asubuhi na hofu kwamba theluji imebomoa paa la nyumba ya baba yake, au mlango umefunguka, au kunguru wameingia, na dirisha langu, kwa nailoni yangu, halionyeshi kitu mpaka lifunguliwe. Akiiona imesimama, anaweza kunywa chai.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ni upuuzi. Ni upuuzi. Unaokoa kila kijiko cha joto, mimi nikwambie namwaga lote nje ili nitazame paa?"

Ningesema ni upuuzi. Kweli ningesema. Nilichukua bisibisi, nikatoa skrubu zote nne, nikavuta mfarishi, nikaichana nailoni mwenyewe. Dirisha lilikuwa limeganda, tukasukuma wote wawili, mabega pamoja, mpaka likafunguka na baridi ikatupiga usoni. Nyumba yake ilikuwa pale, theluji imefika vizingiti, paa zima, mlango umefungwa. Nyuma yake mto mweupe, na Kanada.

"Ipo," nilisema.

"Ipo," alisema.

Tulikaa pale kiasi cha Salamu Maria chache. Sikuwaza tangi.

Februari 4

Dirisha. Mimi nimelifungua.

Februari 18

Jumatano ya Majivu, Kwaresima imeanza. Kijiti kimefika robo. Tunalipa dakika za dirisha kwa njia nyingine: tunaoka mara moja kwa wiki, kila kitu siku moja, na mlango wa oveni unaachwa wazi baadaye. Mapazia ya upande wa jua yanafunguliwa mchana, yanafungwa jua likizama. Tunalala mapema na kuamka mapema. Normand amelundika theluji ukuta wote wa kaskazini mpaka chini ya madirisha. Florine anasema tumekuwa viazi, na mimi sioni ubaya wake.

Machi 8

Nimepata mchirizi mwembamba wa upepo nyuma ya kabati. Nimemwita Florine aje aone kabla sijauziba. Akasema, "Huo ziba."

Machi 30

Kijiti kimelala chini kabisa. Hakionyeshi tena kama kuna kitu au hakuna. Mto bado mweupe, watu wanaupita kwa magari ya theluji. Nimegonga tangi kwa vifundo vya vidole toka juu kuja chini, nikisikiliza, kama Alcide alivyogonga mapipa. Karibu na sakafu sauti inabadilika. Kuna mafuta ya kiganja kimoja, au ni mimi ninayetaka yawepo.

Machi 31

Tumezima tanuri la mafuta kabisa. Florine ndiye aliyesema: tangi tusilolitumia haliwezi kuisha. Kuni tu, na bomba la jikoni linadondosha usiku lisigande.

Aprili 11

Dhoruba. Tumelala na makoti. Miguu yake mgongoni mwangu nimeizoea. Jana ilikuwa ya moto na mimi ndiye niliyekuwa baridi.

Aprili 16

Gilles anauliza mto ukoje. Ninasema mto uko vizuri. Anauliza tangi likoje. Ninasema tangi liko vizuri. Hajacheka.

Aprili 23

Ilianza tukiwa mezani. Sahani zililia kabatini, kisha kukatokea mlipuko, na Florine akaacha uma hewani. Tulifungua dirisha. Barafu ya mto ilikuwa imesimama mapande mapande, kubwa kama milango ya ghala, inapandana, inasagana, inakwenda. Sauti ile huwezi kumwelezea mtu wa Connecticut, kwa hiyo sikumwelezea. Nilipiga simu nikaitoa nje ya dirisha kwa urefu wa mkono wangu.

Kisha nikairudisha sikioni.

"Gilles? Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Halafu: "Baba angekuwa amesimama hapo dirishani, siyo?"

"Angekuwa anatupigia kelele tufunge."

Akaniuliza tangi. Nilishuka na Normand, akaliwasha tanuri. Lilikohoa, likawaka. Tuliliacha liungue kwa furaha mpaka jioni, na tulikula tumevaa fulana.

Aprili 30

Tumetimiza kiapo cha pili. Matawi yamevuliwa, mekundu, yamepukutika yote, Normand ameyachoma uwanjani. Kisha tukavuka barabara. Florine alitoa ufunguo shingoni, kufuli likagoma, nikaushika mkono wake kwa chini mpaka ufunguo ukaingia. Ndani kulinukia panya na matufaha. Normand alirudisha maji. Bomba moja lilivuja, akalikaza. Florine alipita chumba hadi chumba akigusa kuta.

Nilibeba Mtakatifu Anna, Normand akabeba kiti. Kikaango alikibeba mwenyewe. Nilitaka kumwambia abaki. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni njia nzima, na lilikuwa zito kuliko sanamu. Lakini nilimwona anavyowasha moto katika jiko la mama yake, nikalimeza.

"Oktoba utakuja?" nilimwuliza mlangoni.

"Ukijifunza ploye."

Jioni nimekula peke yangu. Supu ilikuwa na maji mengi.

Mei 1

Nimeamka kabla ya jua, kitanda kina nafasi isiyo na maana. Nikaenda dirishani kwa mazoea, nikalifungua, ingawa nyumba yake ni yake na hakuna wa kuniambia niangalie kama ipo. Ipo. Dohani inatoa moshi, mara ya kwanza tangu vuli. Na dirisha la jikoni kwake lilikuwa wazi kabisa, yeye amesimama na gauni la kulalia, shali mabegani, ananitazama.

"Funga hilo dirisha, wifi," alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. "Unaipasha Kanada moto."

"Funga lako kwanza. Wewe ndiye uliye karibu nayo."

Hakufunga, nami sikufunga. Tulisimama hivyo mpaka chai yangu ikapoa.